Tunashabikia moto wa baharini, shughuli yenyewe iko kwenye matope

Oktoba 1968 nyambizi ndogo ya utafiti inayoitwa Alvin ilikuwa inashushwa kwenye bahari ya Atlantiki upande wa Marekani, nyaya za kuishikilia zikakatika, maji yakaingia kwa mlango wa juu ambao ulikuwa bado wazi, jamaa watatu waliokuwemo wakachomoka fasta wakapona, chombo kikaenda zake chini mpaka mita 1,500 na kitu. Msosi wao wa mchana ukabaki mle ndani. Ilipita miezi kumi ndo wakafanikiwa kuivuta juu, na walipoangalia ndani wakakuta sandwichi za nyama, matufaha, na supu iliyokuwa kwenye themosi, vyote vimelowa maji ya chumvi lakini ukivitazama ni kama vimefungashwa juzi. Wakaviweka kwenye friji ya digrii 3, yaani baridi ya kule kule vilikotoka. Ndani ya wiki chache vikaoza.

Mkate ule ule, baridi ile ile, chini haukuoza na juu ukaoza. Holger Jannasch na wenzake wa taasisi ya Woods Hole, ambao kazi yao ilikuwa vijidudu vya bahari, waliona hapo kuna kitu, wakaanza kushusha vyakula vya maabara makusudi kabisa na kuviacha huko miezi kadhaa, na 1971 wakaandika kwamba kazi ya kuozesha kule chini inaenda taratibu mara 10 hadi 100 kuliko vitu hivyo hivyo vikikaa juu kwenye baridi sawa.

Mi hii stori ya sandwichi naiweka juu ya stori zote za vijidudu vya bahari kuu, na najua hapo wengi hatutaelewana. Ukitaja tu vijidudu vinavyoishi kwenye mazingira magumu ya bahari mtu anakuletea picha ya yale mabomba ya mawe ya sakafu ya bahari yanayotapika maji moto kama moshi mweusi, anaongezea rekodi ya joto, mjadala umeisha. Moto, moto, moto. Mi nasema moto tumeupa sifa zisizo zake. Kigumu cha baharini sio joto, wala presha, wala giza. Ni njaa, na njaa haipigiki picha ndo maana haina mashabiki.

Sisemi moto hauna stori, stori upo nayo na ni tamu. Februari 1977 Alvin hiyo hiyo (ilikarabatiwa ikarudi kazini) ilishuka mita 2,500 karibu na visiwa vya Galápagos kutafuta maji moto yanayotoka kwenye ufa wa sakafu ya bahari. Msafara ulikuwa wa watu wa jiolojia na kemia, mtu wa biolojia hakuna hata mmoja, si kila mtu alishajua kule ni jangwa, sasa wa biolojia akafanye nini? Wakakuta makombe wakubwa, kaa, na minyoo mirefu inayokaa kwenye mirija myeupe na vichwa vyekundu vimetokeza nje. Dawa ya kuhifadhia sampuli haikutosha, nyingine ikabidi ziwekwe kwenye vodka.

Yule mnyoo, Riftia pachyptila, anaweza kufika mita 2 na hana mdomo, hana tumbo. Aliyefumbua fumbo alikuwa mwanafunzi, Colleen Cavanaugh wa Harvard, mwaka 1980 yuko kwenye mhadhara, mzungumzaji akagusia kwamba ndani ya mnyoo kuna chembechembe za salfa, dada akasimama akasema basi humo ndani lazima kuna bakteria wanaotumia salfaidi na ndo wanaomlisha mwenye nyumba. Akawa sahihi. Bakteria hao wanachukua haidrojeni salfaidi, ile gesi ya kunuka yai viza, wanaiunguza kwa oksijeni, nguvu wanayopata wanageuzia kaboni dayoksaidi kuwa chakula, yaani kazi ya jani ila bila mwanga. Damu ya mnyoo inabeba mizigo yote miwili, oksijeni na salfaidi, kila mmoja umeshikwa pembeni visije vikaungua njiani kabla ya kufika.

Tena hapo kuna kitu watu wanakiruka. Wanakwambia haya ni maisha yasiyolitegemea jua kabisa. Sasa hiyo oksijeni ya mnyoo imetoka wapi? Imetengenezwa na viumbe wa kijani huko juu kwenye mwanga, ikashuka na maji baridi mpaka kule. Kuna arkea (vijidudu vya seli moja vinavyofanana na bakteria kwa macho ila ni ukoo mwingine kabisa) kwenye hayo hayo mabomba ambao kweli hawahitaji oksijeni wala chochote cha jua, mnyoo huyu hayumo.

Ila angalia anaishije. Huyu ni mtu anayekaa mezani kwa tajiri. Chakula kinabubujika chini ya miguu yake usiku na mchana, na kwenye eneo jipya Riftia amepimwa akirefuka zaidi ya sentimita 85 kwa mwaka mmoja, ni viumbe wachache sana wa baharini wasio na uti wa mgongo wanaoweza kumfikia kwa kasi hiyo. Kumwita anaishi kwenye shida ni kumwonea mwenye shida.

Haya, joto lenyewe. Mwaka 1979 kwenye mabomba ya moshi mweusi upande wa Pasifiki, karibu na Mexico, kipimajoto cha Alvin kilichomekwa kwenye mdomo wa bomba na fimbo yake ya plastiki ikayeyuka, maana maji yale yanapita digrii 350 na hayachemki kwa sababu presha ya maji yaliyo juu yake inayabana. Hapo ndo watu wanachanganya mafaili. Hakuna kijidudu kinachoishi kwenye digrii 350. Wanakaa kwenye kuta za bomba, ukuta ambao upande wa ndani ni tanuri na upande wa nje ni maji ya digrii 2, na kila mmoja anajichagulia safu yake kama abiria anayechagua siti. Mwaka 2003 Kazem Kashefi na Derek Lovley walitangaza kijidudu kutoka ukingo wa Juan de Fuca, Pasifiki ya kaskazini mashariki, wakakiita Strain 121, kwa sababu kiliongezeka kwenye digrii 121 za mashine ya mvuke, mashine za aina ile ile zinazotumika kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali. Walikiweka mle saa 24 wakitegemea maiti, kikatoka kimezaana. (Usianze kuogopa sindano. Kitu kilichozoea digrii 121 kwenye mwili wako wa digrii 37 kimeganda kwa baridi, hakifanyi lolote.) Halafu 2008 Ken Takai na timu yake Japani wakaisogeza rekodi mpaka digrii 122 kwa arkea anayeitwa Methanopyrus kandleri, aliyetolewa kwenye mabomba ya Kairei katikati ya Bahari ya Hindi, anayekula haidrojeni na kaboni dayoksaidi na kutoa methani.

Kwenye hiyo ya Takai watu wanaikariri namba 122 wanasahau lililo bora. Akipewa presha ndogo, yule arkea aliishia digrii 116. Walipompa presha kama mara 200 ya hewa tunayovuta, ndo akafika 122. Yaani ile presha tunayoihesabu kama mateso mengine juu ya mateso, kwake ilikuwa msaada. Joto linalegeza utando wa seli na kuvuruga protini, presha inabana, viwili vinapingana mwenyewe anabaki wima kati. Na hiyo ni rekodi ya miaka mingi sasa, toka 2008 haijavunjwa kwa namna iliyokubalika na wote, ambayo nayo inakupa picha kwamba ukuta wa joto upo kweli na sio mbali sana na hapo.

Sasa kwa nini nasema ni njaa? Kwa sababu joto ukiliangalia kwa ndani ni bili. Kila sekunde protini zinakunjuka, DNA inakatika, na kila kilichoharibika lazima kitengenezwe au kibadilishwe, na kutengeneza kunataka nguvu, na nguvu ni chakula. Mwenye chakula cha kutosha analipa bili anaishi kwenye moto. Asiyenacho hata digrii 60 zinamshinda. Kwenye bomba la moshi chakula kipo bwerere kwa hiyo digrii 122 zinalipika.

Hili sio la kichwani kwangu tu. Mwaka 2016 meli ya kuchimba ya Chikyu ilitoboa sakafu ya bahari kwenye mfereji wa Nankai, Japani, ikashuka mita 1,180 ndani ya mashapo mpaka pale joto linafika digrii 120, makusudi kutafuta uhai unaishia wapi. Walichokuta ni kwamba idadi ya seli inaporomoka mapema tu kwenye digrii kama 50 hivi, kuna matabaka unakuta hamna kitu, halafu chini kabisa kwenye moto wenyewe wanaonekana tena, wachache mno. Na walipopima kazi wanayoifanya, ilibidi waandike 2022 kwamba wale wachache wa chini wanafanya kazi haraka ajabu kwa viwango vya matope. Wanapata wapi nguvu? Lile joto linapika mabaki ya kale ya viumbe yaliyofukiwa mle na kutoa asidi ya asetiki, ndo msosi wao. Moto unawadai kwa mkono wa kushoto na unawalisha kwa mkono wa kulia. Wanakimbia ili wabaki palepale.

Kwa hiyo ukitaka kuona ugumu wenyewe ondoka kwenye moto, nenda pale ambapo hakuna bili kubwa lakini hakuna mshahara pia. Nenda kwenye matope ya baridi.

Mfano ninaoupenda ni wa 2015. Timu ya watafiti wa Ulaya ilikuwa inachambua matope kutoka bahari ya kaskazini kati ya Greenland na Norway, maji ya kina cha mita 3,283, na mule kwenye DNA wakakuta arkea ambao jeni zao zinafanana na zetu kuliko arkea yeyote aliyekuwa anajulikana, zikiwemo jeni za protini ambazo tulidhani ni za seli kubwa tu kama za wanyama na mimea. Wakaitwa Lokiarchaeota, jina limetokana na eneo la mabomba ya moto linaloitwa Loki's Castle. Watu wakasikia jina wakachora picha ya bomba la moshi tena. Matope yenyewe yalichotwa kilomita 15 hivi kutoka kwenye hilo bomba! Ndugu yetu wa karibu kuliko arkea wote waliokuwa wanajulikana wakati huo hakuwa kwenye moto, alikuwa kwenye udongo wa baridi ambao hakuna aliyekuwa anaupiga picha.

Ila hapo walikuwa wamesoma DNA tu, kiumbe chenyewe hakuna aliyekuwa amekiona. Kumwona ilichukua miaka 12 kuhesabu toka matope yake yalipochotwa, na hapa naomba twende polepole kidogo kwa sababu ndo kiini cha ninachosema.

Hiroyuki Imachi na wenzake Japani walikuwa na matope waliyoyachota 2006 kwa nyambizi ya Shinkai 6500, mfereji huo huo wa Nankai, mita 2,533. Hata hawakuwa wanamtafuta Loki, alikuwa bado hajagunduliwa. Wakachukua sponji za plastiki, teknolojia iliyobuniwa kwa ajili ya kusafisha maji taka, wakazining'iniza kwenye chombo kisicho na oksijeni, matope wakayaloweka kwenye vile vitundu vya sponji, wakawa wanadondoshea maji ya chumvi na kupitisha methani. Tone, tone, tone. Siku zaidi ya 2,000 hivyo hivyo. Halafu wakahamishia kidogo kwenye vichupa vya kioo wakaweka virutubisho na dawa za kuua bakteria wengine, wakasubiri tena karibu mwaka mzima kabla ya maji kwenye kichupa kimoja kuonesha ukungu kidogo, ule wa kubishania kama upo au macho yamechoka.

Ndo alikuwa yeye. Wakampa jina Prometheoarchaeum syntrophicum na ripoti ikatoka rasmi 2020. Bakteria wa tumboni tunayemtumia maabara, E. coli, akishiba anajigawa kila dakika 20. Huyu anajigawa kila siku 14 hadi 25. Na kabla hajaanza anakaa siku 30 hadi 60 hafanyi kitu chochote unachoweza kukiona, yaani mtafiti wa kawaida mwenye ruzuku ya miaka mitatu na bosi anayeuliza matokeo angekuwa ameshamwaga kichupa kwenye sinki siku ya kumi. Hawezi kuishi peke yake pia, anakula asidi za amino na kutoa haidrojeni, na lazima jirani yake wa kutengeneza methani aichukue ile haidrojeni, ikirundikana kazi yake inasimama. Na alivyo umbile ni kituko, kaduara kadogo chini ya elfu moja ya milimita, kamechomoza mikono mirefu yenye matawi. Hakuna aliyemtegemea aonekane vile.

Sasa niambie, ni wangapi wa aina hiyo tumewamwaga? Tangu zamani tunaotesha vijidudu kwenye sahani yenye chakula kingi, tunasubiri siku mbili tatu, tukiona hamna kitu tunaandika hamna kitu. Hiyo sahani tumeipanga kwa mwendo wa E. coli. Kile tulichokiita mpaka wa uhai mara nyingi kilikuwa mpaka wa ratiba yetu. Edward Forbes miaka ya 1840 alisema chini ya mita 550 hivi hakuna uhai, tunamcheka, lakini angalau yeye chombo chake kilikuwa cha karne ya 19, sisi wa leo tunakosa kwa kutokuwa na subira.

Wenye shaka watasema njaa nayo mbona sio mazingira ya kupindukia, kila kiumbe kinajua njaa. Sawa, basi twende katikati ya Pasifiki ya kusini, pale ambapo mikondo inazunguka na kuacha katikati maji maangavu yasiyo na kitu, mbali na nchi kavu zote. Kule matope yanajikusanya chini ya mita moja kwa miaka milioni. Mwaka 2010 meli ya uchimbaji ilichukua mashapo huko kwenye maji ya kina cha hadi mita 5,700, na Yuki Morono na wenzake wakayapa sampuli hizo chakula chenye kaboni na naitrojeni za kuwekewa alama, ili kijidudu kikila, ile alama ionekane ndani yake. Tabaka la chini kabisa lilikuwa la miaka milioni 101.5. Dinosaria walikuwa bado wapo wanatembea. Vijidudu vya tabaka hilo vikala, na kwenye baadhi ya sampuli ndani ya miezi miwili hivi idadi ikapanda mara maelfu. Kwenye ripoti yao ya 2020 walisema sehemu kubwa sana ya seli zilizokuwemo zilikuwa hai, zimekaa tu zinasubiri.

Mi nilivyoisoma mara ya kwanza nikasema hawa wamechafua sampuli, haiwezekani. Ni shaka halali na wenyewe walijua itakuja, ndo maana wanaeleza sana jinsi walivyochukua katikati ya mche wa matope wakaacha kingo, na kwamba ule mfinyanzi umeshikana kiasi kwamba nafasi kati ya chembe na chembe ni ndogo kuliko bakteria mwenyewe, hakuna pa kupita kuingia wala kutoka. Kinachobaki kubishaniwa ni kama ni seli zile zile zilizofukiwa au ni wajukuu wa wajukuu waliojigawa mara moja moja katika muda wote huo. Kwangu yote mawili yanatisha sawa. Kukarabati mwili kwa miaka milioni mia kwa chakula ambacho hakipo, au kupata mtoto mmoja kila baada ya muda ambao hata hatuna jina la kuuitia.

Na sio kwamba hawa ni wachache wa kuonyeshana. Makadirio ya 1998 ya vijidudu vilivyo chini ya sakafu ya bahari yalitoa namba kubwa kupita kiasi, kwa sababu matope mengi yaliyokuwa yamehesabiwa ni ya karibu na pwani ambako kuna chakula. Mwaka 2012 Jens Kallmeyer na wenzake walipoingiza kwenye hesabu yale maeneo ya njaa kama hilo la Pasifiki ya kusini, namba ilishuka zaidi ya mara kumi. Na bado hata baada ya kushuka, vijidudu vya kwenye mashapo ya bahari vinakaribiana na jumla ya vilivyopo kwenye maji yote ya bahari. Wakazi wa mabomba ya moto ukiwaweka kwenye hesabu hiyo hawaonekani hata kama nukta.

Hapa ndo inapoacha kuwa stori ya maabara. Kuna hamu kubwa sasa hivi ya kwenda kuokota vinundu vya madini kwenye sakafu ya bahari kuu, vina manganizi, nikeli, kobalti, vinakua milimita chache kwa miaka milioni, na vimekaa juu ya matope ya aina hii hii. Watetezi wa mabomba ya moto wapo na wanasikilizwa, maana wana picha nzuri. Matope yana nini cha kuonesha?

Yana alama za plau. Mwaka 1989 watafiti wa Ujerumani waliburuta plau kwenye bonde la Peru, Pasifiki, zaidi ya mita 4,000 chini, kuiga uchimbaji waone nini kitatokea. Wakarudi 2015 na kamera. Mistari ilikuwepo pale pale, mtu angeweza kudhani imechorwa wiki iliyopita. Wakachota matope ndani ya mistari na pembeni yake wakalinganisha vijidudu, na pale ambapo tabaka la juu lilikwanguliwa kazi ya vijidudu ilikuwa imeshuka hadi mara nne, miaka 26 baadaye. Makadirio yao ni kwamba itahitaji si chini ya miaka 50 vijidudu hivyo virudi kufanya kazi kama zamani, na hiyo ni kwa mikwaruzo ya plau ya majaribio tu, haijawa migodi.